Soli za Viatu vya Baba Yako

Nanjala,

Umetoka kwenda mtaa wa Satellite kumuaga senge yako, dada ya baba yako, na jinsi ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina jioni hii peke yangu hapa Waithaka, na mabegi yako yamesimama karibu na mlango kama wageni wasiotaka kukaa. Nimeyapima tena. Lile la kijani lilizidi uzito, nikatoa unga. Ujerumani watu hawalali njaa.

Mambo ya pasipoti, ya chumba chako huko, ya kanisa na ya wavulana sitayagusa. Senge yako ameshayasema yote, na mengine ameyarudia. Mimi nataka kuandika juu ya siku aliyofariki baba yako, uliponikuta chumbani nimeshika viatu vyake. Hatujawahi kuizungumzia. Kesho unapanda ndege kwenda kusomea uuguzi, na nina hofu kwamba utaenda ukiamini mama yako hakumlilia mume wake kwa sababu hakumpenda. Barua hii ni kwa ajili ya hilo tu.

Kwanza nikubali ulichokiona. Sikulia. Sikulia hospitalini, sikulia njiani kwenda Bungoma, sikulia kaburini, na mashemeji zangu waliliona hilo wakalitunza. Hata sasa ninapokuandikia, sisikii kile ambacho mama anatakiwa kusikia mtoto wake akiondoka. Ukikalia mguu kwa muda mrefu unakufa ganzi. Ukiugusa unajua kabisa ni mguu wako, lakini habari haifiki. Nimekuwa hivyo muda mrefu sasa. Napika, naenda kazini, nacheka mahali pa kucheka. Wiki hii kila mtu kwenye ploti ameniuliza, "Mama Nanjala, si utammiss huyu msichana?" Nami najibu, "Sana," kwa sababu hilo ndilo jibu, halafu naingia ndani kuosha vyombo.

Kazi yangu unaijua juu juu tu. Nimewahi kukusikia ukimwambia rafiki yako, "Mum kazi yake ni kucheki nguo za watu." Si uongo. Lakini sikuwahi kukuketisha nikakueleza, na bila kuielewa kazi ile hutaielewa siku ile.

Wale watu wa ofisi ya mjini ninaowafanyia kazi walitaka kujaribu lebo. Si lebo ya saizi, ni lebo ya kumwambia mnunuzi kwamba shati hili au kiatu hiki kimeidhuru dunia kiasi gani. Kulikuwa na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi: walihesabu maji yaliyotumika, dawa za kulainishia ngozi, rangi, mafuta ya meli, wakaweka herufi moja yenye rangi, kijani ikiwa nafuu na nyekundu ikiwa mbaya. Aina ya pili ilitaka kujua jambo moja zaidi. Kitu chenyewe kitavaliwa mara ngapi kabla ya kutupwa? Kwa sababu ule ubaya wote wa kiatu unagawanywa kwa siku kilizovaliwa. Kiatu cha kuvaliwa miaka na miaka, kila siku inabeba kidogo tu. Kile cha kufa baada ya mvua moja ni hasara kwa kila mtu, hata kikiwa na picha ya jani ya kudai hakina madhara.

Sasa, utajuaje kitu kitavaliwa mara ngapi? Mashine ya mjini inaweza kukunja kiatu mchana kutwa, lakini mashine haiendi Mutuini wakati wa mvua. Ndiyo maana wakanichukua mimi. Nilipewa nyumba za kufuatilia Waithaka, Mutuini na huko kwa senge yako. Kila nyumba ilipewa nguo au viatu, bure, na ombi moja tu: vaeni kama mnavyovaa vitu vyenu, fueni kama mnavyofua. Kila Jumamosi nilipita na tableti yangu. Umevaa mara ngapi? Umefua na nini? Halafu napiga picha kitambaa, mshono, mahali panapokunjika.

Nyumba yetu ilikuwa mojawapo. Baba yako alipewa viatu vya ngozi, vyeusi, vya kufunga kamba. Fundi wa mabomba anayeshinda kwenye matope, nikaona hapo ndipo kiatu kitapata mtihani wa kweli. Jumamosi jioni nilikuwa namketisha hapa hapa mezani kama mtu baki, ili nisipendelee. Unakumbuka ulivyokuwa ukicheka.

"Jina?"

"Si unalijua."

"Jina, mzee."

"Barasa, madam."

"Viatu umevaa mara ngapi wiki hii?"

"Kila siku ya Mungu, madam."

Nami najaza. Vilikuwa vinang'aa. Niliandika kwamba mvaaji anatunza viatu vyake vizuri. Nilikuwa na fahari, nikiri, kwamba mume wangu ndiye mfano bora wa mradi mzima. Asubuhi mimi hutoka nyumbani kabla yake, kwa hiyo sikuwahi kumwona akienda kazini. Nawe ulikuwa bweni chuoni siku za wiki.

Nguo zote zilikuwa hivyo, Nanjala. Miezi ilipita na mashati yalibaki na rangi yake, marinda hayakuchujuka, viatu havikupasuka. Ofisini walifurahi. Lebo ya aina ya pili ilikuwa ikipanda kila mwezi. Vitu vile, kwa hesabu yetu, vingevaliwa hadi wajukuu.

Halafu baba yako akaugua, akalazwa, na hakurudi. Hayo unayajua kama ninavyoyajua, sitayaandika.

Siku ile nyumba ilijaa watu. Baba yako mdogo alinifuata jikoni akasema kwa upole, "Shemeji, tunahitaji suti na viatu vya kupeleka mochari." Nikaingia chumbani. Suti ilikuwa imetundikwa. Viatu nilidhani vitakuwa nyuma ya mlango, na havikuwepo. Nyuma ya mlango kulikuwa na gambuti zake na vile viatu vya zamani vilivyoliwa kisigino upande mmoja. Nikapiga magoti nikaangalia chini ya kitanda. Kule mwisho, ukutani, kulikuwa na boksi.

Nilipolifungua, karatasi ya kiwandani ilikuwa bado ndani ya viatu, kwenye vidole. Nikavigeuza. Soli zilikuwa safi, Nanjala. Si kuoshwa, safi. Ile michoro midogo ya raba ilikuwa kamili, hakuna hata vumbi. Nikapitisha kidole, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kama nilivyofundishwa, kutoka kisiginoni hadi mbele. Nikasema kwa sauti, "Havijavaliwa."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ukasema, "Mama, hata leo? Hata leo unacheki viatu za project?"

Ulichukua suti ukatoka, na tangu siku hiyo umekuwa mtoto mwenye adabu sana kwangu. Unanisalimia, unaniletea chai, unaniuliza kazi iliendaje. Ningependelea ungenigombeza.

Sasa nikuambie kilichokuwa kikipita kichwani mwangu nilipokuwa nimepiga magoti pale. Nilikuwa nafikiri kwamba mtu huyu alinidanganya kila Jumamosi usoni mwangu, kwa mapenzi. Alijua natoka kazini nimechoka, alijua nataka viatu vivaliwe, akanipa nilichotaka. Ijumaa jioni alikuwa akivitoa, anavipaka rangi, anavirudisha. Na mimi, mkewe, niliyekuwa nikilipwa kujua kama kiatu kinavaliwa, nilikuwa nikiangalia juu tu. Sikuwahi kugeuza. Nikafikiri pia: ni nini kingine nilikiangalia juu tu? Alisema kifua ni baridi. Alisema ni uchovu. Nikajaza.

Hapo ndipo habari ilipoacha kufika. Naijua dakika yenyewe. Ulikuwa mlangoni, nikakuona, nikataka kukuambia njoo, na mdomo haukufunguka. Hukumwona mtu asiye na huzuni. Ulimwona mtu aliyekuwa amezidiwa nayo, akashika kile anachojua kushika.

Baba yako alizikwa na viatu vile. Tuliporudi Nairobi nilifungua tableti, kwa sababu Jumamosi ilikuwa imefika na nyumba yetu ilikuwa bado kwenye mradi. Swali likatokea: vimevaliwa mara ngapi? Nikajaza moja. Kisha nikaketi nikiitazama hiyo moja mpaka kioo kikazimika chenyewe. Sijawahi kumwambia mtu.

Sijui alikuwa akiviwekea siku gani. Nimefikiri labda mahafali yako. Nimefikiri labda hakuwa na siku yoyote, alipenda tu kujua vipo. Ningepaswa kuelewa, maana mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Kukhu yako, mama yangu, alininunulia rinda la manjano lenye mkanda, nikiwa msichana mdogo kule nyumbani. La Krismasi, akasema. Krismasi ilipofika kulikuwa na mvua, akasema tope litaliharibu, tungoje Pasaka. Pasaka nikawa nimerefuka. Akalijaribu kwangu akiwa amekunja uso, akavuta, akavuta, kisha akalikunja akampa binamu yangu. Halikuwahi kunigusa nje ya nyumba. Mtoto wa nyumba ile angewezaje kuingia kwenye nyumba za watu Mutuini na kuamini kwamba wanavaa rinda jipya wakipika?

Nilirudi. Baada ya mazishi nilipitia nyumba zote upya, na safari hii sikufungua tableti kwanza. Mutuini kuna mama mmoja, Mama Shiko, ambaye rinda lake lilikuwa na alama za juu kuliko zote. Alinifungulia mlango akiwa amelivaa, kama kawaida. Nikamwambia, "Mama Shiko, leo si project. Niambie tu ukweli. Hii rinda huvaa lini?"

Akaniangalia. "Ukweli ukweli?"

"Ukweli."

"Nikisikia mbwa wa landlord akibweka najua ni wewe. Navaa. Ukitoka natoa."

"Kwa nini?"

"Sasa mama, mtu akupatie nguo poa hivi, upikie nayo kwa makaa? Ikichomeka nitakuambia nini? Tulikuwa tunakuheshimu." Kisha akasema taratibu, "Na pole ya mzee. Ni sisi tumekukosea?"

Nikamwambia hapana. Tukanywa chai. Nyumba baada ya nyumba ikawa hivyo hivyo. Nguo ni za kanisa, walisema. Za kusafiria nyumbani. Za siku mtoto akiitwa shuleni. Watu walituheshimu wakaharibu hesabu yote.

Kule mjini nilisimama mbele ya meneja, kijana anaitwa Mureithi, si mtu mbaya. Nikamweleza. Akauliza, "So hii data yote hatuwezi tumia?"

"Hamwezi."

"Na wewe hukuona? Miezi yote?"

"Sikugeuza viatu," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia juu."

Nilidhani atanifuta kazi. Badala yake akaomba nimwandikie maswali mapya. Sasa hatuulizi mara ngapi. Tunauliza, mara ya mwisho ulikivaa ulikuwa unaenda wapi? Na kabla ya chochote tunageuza soli. Tumewaambia watu waziwazi kwamba vitu hivi tumewapa waviharibu, na anayeviharibu mapema ametusaidia. Mama Shiko alichoma rinda lake wiki ya kwanza akanipigia simu akicheka. Zile alama za juu zilifutwa, maana hesabu ya lebo ile haina huruma: kitu kisichovaliwa ndicho kilichoidhuru dunia kuliko vyote. Maji yamekwisha, ngozi imekwisha, meli imekuja, na hakuna siku hata moja ya kuubeba mzigo ule.

Nimeifikiria hesabu hiyo nikiwa na wewe akilini. Sitaki kukuhubiria. Lakini nina mambo mengi niliyokuwekea, nikingoja uwe mkubwa, nikingoja mitihani iishe, nikingoja baba yako apone, nitulie. Nilikuwa na fahari nawe kiasi cha kushindwa kusema, nikasema "umejaribu." Ulipopasi ule mtihani wa Kijerumani uliingia hapa ukiruka, na mimi nikauliza kama umelipia stima. Nilikusikia ukifunga mlango wa chumba chako polepole. Nilifurahi siku ile, Nanjala. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kufika, kidogo, kwa mbali, nikaogopa kukishika.

Lile koti zito tulilolichagua soko la Kawangware, ukasoma lebo ya ndani ukacheka kwamba limeandikwa Kijerumani, limetoka kwao na sasa linarudi kwao. Livae. Ukienda kununua mkate, livae. Ukienda kutupa takataka, livae. Usilitundike likangoja picha ya kututumia.

Na huko utahudumia wazee. Wengi watakuambia wako sawa. Watachana nywele wakisikia hatua zako. Watatabasamu kwa sababu wewe ni binti mzuri umetoka mbali na hawataki kukusumbua. Najua utaniambia hayo mmefundishwa, na kwamba mgonjwa anageuzwa ili mgongo usipate vidonda. Vizuri. Mimi nililipwa kuangalia nikashindwa kuona mume wangu anaisha. Sijui kama kuna aliyeweza kuona, daktari alisema pengine hapana. Siku nyingine namwamini.

Je, nilimpenda? Ndiyo. Alikuwa anaimba vibaya bafuni na alikuwa anakata kitunguu kikubwa mno, na nilimpenda. Ninakupenda wewe. Naandika hivyo bila kusikia chochote kikipanda kooni, na nimeamua kwamba hilo halilifanyi kuwa uongo. Ganzi huisha. Mguu ukianza kurudi unauma sana, kila mtu anajua, na pengine ndiyo sababu nimeukalia muda wote huu.

Ulisema jana si lazima nije uwanja wa ndege, baba mdogo atakupeleka. Ulisema kwa heshima, kama unavyosema kila kitu siku hizi. Nitakuja. Sitalia, usinitazame ukingoja. Watu watakuwa wanakumbatiana na kupiga mayowe, na mimi nitasimama pale kama askari wa geti, na huyo ndiye mama yako, na atakuwa pale mpaka ndege ipae na hata baada ya hapo.

Nimekusikia ukifungua geti sasa hivi. Umeingia, umevua viatu, umeniona nimeinama mezani. Umeuliza, "Bado unafanya kazi, Mum?" Nimejibu, "Ndiyo, kidogo tu." Unaona? Hata sasa. Umeenda jikoni kuchukua maji.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke katikati ya masweta yako, uikute ukiwa mbali, wiki moja au mbili baadaye, wakati hutaweza kuniona usoni. Nimebadilisha nia. Naandika haraka, mwandiko unaharibika, vumilia.

Ukitoka jikoni nitakuambia nimekudanganya, si kazi, ni barua yako. Nitavuta kile kiti kingine. Utaisoma hapa, mbele yangu, na ukitaka kunigombeza utanigombeza. Soma polepole. Mimi siendi popote.

Mama